Plitvice: anzia juu, fuata maji

Mabishano kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Maziwa ya Plitvice, huko Kroatia, huanza na bei na mara nyingi huishia hapo hapo. Mtu mzima hulipa karibu euro 40 kuingia kati ya Juni na Septemba, na kwa malipo hayo haruhusiwi kuogelea, haruhusiwi kutoka nje ya njia, haruhusiwi hata kutumbukiza mguu majini. Wengi huona wameuziwa foleni. Sisi tunaona bei hiyo inaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni jinsi wageni wengi wanavyoitumia siku yao. Wanafika saa 5 asubuhi, wanaingia kwa lango lililo karibu na poromoko kubwa, wanapanda kinyume cha mkondo wakipishana kwa shida na wanaoshuka, wanasimama gatini kusubiri boti, kisha wanaondoka bila kuelewa ni kitu gani hasa kinacholindwa pale. Sehemu ya kosa hilo ni ya mgeni. Sehemu nyingine ni ya uongozi wa hifadhi, na tutaifikia.

Maziwa yenye majina ni 16. La juu kabisa, Prošćansko, liko kama mita 636 juu ya usawa wa bahari. La chini kabisa, Novakovića Brod, liko mita 503. Maji hushuka zaidi ya mita 130 katika mwendo wa takribani kilomita 8, kila ziwa likifurika na kumwagikia lililo chini yake. Kumi na mawili ya kwanza, kuanzia Prošćansko hadi Kozjak, huitwa maziwa ya juu. Manne ya mwisho, yaani Milanovac, Gavanovac, Kaluđerovac na Novakovića Brod, ndiyo maziwa ya chini, nayo yamelala ndani ya korongo jembamba. Yote kwa pamoja hayafiki asilimia 1 ya eneo la hifadhi, ambalo ni karibu kilomita za mraba 300. Sehemu kubwa iliyobaki ni msitu, na humo wanaishi dubu, mbwa mwitu na linksi ambao mgeni wa siku moja hatawaona.

Kinachoyazuia maji hayo yasitelemke kwa mkupuo ni kuta za tufa, jiwe jepesi lenye matundu ambalo Wakroatia huliita sedra. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu asiyeelewa tufa atayaona masharti yote ya hifadhi kuwa ni usumbufu mtupu.

Mvua ikipita kwenye udongo wa msitu huchukua kaboni dioksidi na kuwa na ukali kidogo wa asidi. Maji hayo yakipenya kwenye miamba ya chokaa na dolomiti huyeyusha madini, kisha huibuka kwenye chemchemi za Crna Rijeka na Bijela Rijeka yakiwa baridi, maangavu, yamebeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Pale penye chemchemi tufa haijengeki, kwa kuwa kaboni dioksidi bado ni nyingi majini na huifanya chokaa ibaki imeyeyuka. Mito hiyo miwili huungana kuwa Matica, na Matica huingia Prošćansko. Kadiri maji yanavyokwenda mbele, yakirushwa na kupigwa na hewa, gesi ile hutoka. pH, kipimo kinachopanda asidi ikipungua, ikipita 8, chokaa huanza kujitenga katika chembe ndogo mno za kalsaiti, yaani fuwele za chokaa.

Chembe peke yake hazijengi ukuta. Zinahitaji pa kushika. Hapo ndipo kigoga kinapofanya kazi, ile mimea mifupi laini inayofunika mawe yenye unyevu, pamoja na mwani na bakteria wanaotoa ute unaonata. Chembe hunasa kwenye ute, ute hugandia kwenye kigoga, na kigoga huendelea kurefuka juu wakati shina lake chini linageuka jiwe. Ukisimama kwenye njia ya mbao mahali inapopita jirani na ukuta, uangalie bila kugusa, utaona hatua zote katika upana wa kiganja: ncha za kijani zinazodondosha maji, chini yake magamba yenye rangi ya kijivu na manjano yanayoanza kukakamaa, na chini zaidi jiwe kamili lenye vijitundu vilivyobaki baada ya mashina kuoza. Mtaalamu wa mimea Ivo Pevalek ndiye aliyeonyesha, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, jinsi mimea hii na maporomoko haya vinavyotegemeana.

Mahali penye hali nzuri, ukuta huongezeka takribani sentimita 1 kwa mwaka. Si nyingi, lakini inatosha kubadili ramani. Ziwa Kozjak, kubwa kuliko yote likiwa na hekta 80 na ushei na kina cha zaidi ya mita 46, zamani lilikuwa maziwa mawili. Ukuta wa chini ulikua haraka kuliko wa katikati, maji yakapanda, ukuta wa katikati ukazama. Bado uko huko chini ya maji. Kuta zinazoonekana leo zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 6,000 hadi 7,000, yaani zilianza baada ya enzi ya barafu kuisha, na hakuna hata moja iliyokamilika.

Ujenzi huu una masharti yake, na yakivunjwa unasimama. Maji yawe na chokaa ya kutosha, pH iwe juu ya 8, na vitu vya mimea na wanyama vilivyoyeyuka majini viwe kidogo sana: kaboni inayotokana navyo isizidi miligramu 10 kwa lita. Ikizidi, chembe za kalsaiti huzingirwa na uchafu huo na kushindwa kukua wala kushikana. Kwa hiyo adui wa Plitvice si taka ya plastiki pekee, ambayo inaonekana na inaokoteka. Adui mkubwa ni virutubishi: mkate wanaotupiwa samaki gatini, mafuta ya ngozi, mkojo, maji machafu ya nyumba za wageni. Havichafui maji kwa siku moja. Vinalisha majani na mwani wa aina isiyotakiwa, majani yanaoza, na kiasi kile cha kaboni kinapanda polepole.

Ndiyo maana katazo la kuogelea ni sahihi, na tunasema hivyo bila kusitasita. Mtu mmoja majini si kitu. Lakini mwaka 2017 hifadhi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.7, na hata sehemu ndogo tu ya umati huo ingetosha kukanyaga kigoga cha kando yote. Kigoga kilichokanyagwa kikafa kinaacha jiwe tupu ambalo maji hulila badala ya kulijenga. Hifadhi ya Krka, karibu na pwani, iliruhusu kuogelea chini ya poromoko la Skradinski Buk kwa miaka mingi, nayo imepiga marufuku tangu Januari 2021. Anayetaka kuogelea ashuke na mto Korana, unaozaliwa pale pale Plitvice, hadi mjini Karlovac ambako kuna ufuo wa kuogea wa mji. Maji ni yale yale.

Sasa tuje kwenye njia, kwa sababu hapo ndipo siku inapoharibika au kupona.

Kuna malango mawili makuu, yote kandokando ya barabara D1, yakiachana kwa karibu kilomita 3. Lango la 1 liko upande wa maziwa ya chini, juu ya korongo, mkabala na Veliki Slap, poromoko la mita 78 ambalo ndilo refu kuliko yote Kroatia. Lango la 2 liko karibu na hoteli za hifadhi na ziwa Kozjak. Ndani kuna boti za umeme zinazovuka Kozjak kati ya gati tatu: P1 upande wa hoteli, P2 chini ya maziwa ya juu, na P3 mwisho wa kaskazini wa ziwa. Kuna pia magari ya mabehewa yanayopita barabara ya msituni kati ya vituo vya ST1, ST2 na ST3. Boti na magari hayo yamo ndani ya bei ya tiketi.

Njia zimepewa herufi. Zinazoanzia Lango la 1 ni A, yenye karibu kilomita 3.5 za maziwa ya chini tu. B, ya kilomita 4 hivi pamoja na boti. Na C, ya kilomita 8, inayopita maziwa yote kutoka chini kwenda juu. Zinazoanzia Lango la 2 ni E kwa maziwa ya juu, F kwa maziwa ya chini kupitia boti, na H, yenye karibu kilomita 9, inayopita yote kutoka juu kwenda chini. K ni ya kuzunguka kwa kutembea pekee, bila boti wala gari, zaidi ya kilomita 18, saa 6 hadi 8. C na H hukadiriwa saa 4 hadi 6, na makadirio hayo hayahesabu foleni.

Ushauri wetu ni H, tena saa ya kwanza ya kufunguliwa. Kiangazi hiyo ni saa 1 asubuhi, na kwenye tiketi utaiona imeandikwa 07:00. Unapanda gari kutoka ST2 hadi kituo cha juu, unatembea kidogo, unajikuta kwenye maziwa ya juu wakati ambapo karibu kila mtu yuko kwenye maegesho au bado yuko barabarani. Unashuka Okrugljak, Galovac, Gradinsko, hadi P2. Unavuka kwa boti hadi P3. Unapita maziwa ya chini. Unafika Veliki Slap mwisho. Unapanda hadi ST1 na gari linakurudisha ulikoanzia.

Wanaopendekeza C husema mtu mwenye muda mfupi aone kwanza lile poromoko kubwa, asije akakosa. Hoja hiyo ina ukweli kwa mwenye saa mbili, na huyo achukue A, asidanganywe na kingine. Kwa mwenye siku nzima, C ina kasoro tatu. Ya kwanza ni kupanda: tofauti ya karibu mita 100 kati ya Kozjak na Prošćansko inakutana na miguu iliyokwisha kuchoka, saa ya jua kali. Ya pili ni umati: mabasi ya watalii kutoka Zagreb na pwani hushusha watu Lango la 1 kati ya saa 4 na saa 6, na kundi zima huteremka kwenye vijia vile vile vya mbao ambavyo watu wawili hupishana kwa kujibana. Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Poromoko la Veliki Slap halitokani na maziwa. Linamwagwa na kijito Plitvica, kinachofika kutoka upande wa magharibi na kudondoka kwenye ukingo wa korongo. Chini yake, mahali paitwapo Sastavci, kijito hicho hukutana na maji ya maziwa, na hapo mto Korana unaanza. Anayeanzia hapo anaanza na tukio la pembeni na kuichukua kama kiini, halafu kila poromoko la mita 5 au 10 linalofuata linaonekana dogo. Anayefika hapo mwisho, akiwa ameyafuata maji tangu Prošćansko, anaona yakikutana na mgeni wao na kuondoka pamoja. Waswahili husema maji hufuata mkondo. Mgeni naye afuate.

Kuna sababu nyingine ya kijiolojia inayofanya mwelekeo huo uwe wa maana. Maziwa ya juu yamekaa juu ya dolomiti, mwamba usiopitisha maji kwa urahisi, ndiyo sababu yametanuka, yana kingo za mteremko wa taratibu, msitu umefika hadi majini na maporomoko yamegawanyika katika vijito vingi vinavyopita katikati ya mimea. Baada ya Kozjak mwamba unabadilika kuwa chokaa. Maji yamechimba korongo lenye kuta wima, mapango kama Šupljara yamefunguka, na maziwa yanakuwa madogo, yenye rangi kali zaidi ya buluu na kijani. Ukishuka unaona mabadiliko hayo kwa mpangilio wake. Ukiwa kwenye boti ndipo unapovuka kutoka nchi moja ya mawe kwenda nyingine, ingawa boti yenyewe haikwambii.

H ina gharama yake moja na ni haki kuitaja. Veliki Slap inatazama mashariki, kwa hiyo jua huiangaza asubuhi; ukifika saa 7 au 8 mchana mwanga uko nyuma yake na picha hutoka na ukungu mweupe. Mpiga picha anayejali hilo aingie Lango la 1 mlango ukifunguliwa, asimame kwenye kituo cha kutazamia kilicho hatua chache tu kutoka langoni, apige picha zake kutoka juu, kisha aende moja kwa moja ST1 na kuchukua gari hadi ST3. Kutoka hapo atashuka kama wa H na kutokea Lango la 1 alikoanzia. Ni C iliyogeuzwa, na kwa anayekuja na gari lake huenda ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu atamalizia pale pale alipoegesha.

Boti ndiyo shingo ya chupa. Vijia vinaweza kubeba watu wengi kidogo kidogo, lakini kila anayefuata B, C, F au H lazima apite gatini, na boti ina viti vyake, haiongezeki kwa sababu mabasi yameongezeka. Foleni ya P3 mchana wa Julai au Agosti inaweza kupita saa nzima, juani. Wa C ndio wanaoumia zaidi, kwani wote wanafika P3 kwa wakati mmoja baada ya kumaliza maziwa ya chini. Ukikuta foleni ndefu usikate tamaa: kuna njia ya miguu kando ya Kozjak, tambarare, yenye kivuli, na mara nyingi ina watu wachache ajabu. Mwenye miguu mizima atakuwa upande wa pili muda ambao wengine bado wanasubiri.

Kuhusu bei. Tiketi ya mtu mzima ni karibu euro 40 kuanzia Juni hadi Septemba, hushuka hadi kati ya euro 20 na 25 mwezi Aprili, Mei na Oktoba, na karibu euro 10 kuanzia Novemba hadi Machi. Watoto chini ya miaka 7 hawalipi. Kuna tiketi ya siku mbili, na kiangazi kuna tiketi nafuu kwa wanaoingia alasiri. Maegesho hulipiwa kando na tiketi, kwa saa. Tiketi za kiangazi zikatwe mtandaoni kabla ya siku yenyewe, maana zinabeba saa ya kuingia na saa nzuri huisha kwanza. Kosa la kawaida ni kukata tiketi ya saa 4 ukidhani basi litafika saa 4. Likichelewa barabarani, saa yako imepita. Acha nafasi, hasa kama unatoka pwani Jumamosi, siku ambayo wageni wa nyumba za kupanga hubadilishana na barabara hujaa.

Msimu una uzito kuliko bei. Mei ndiyo chaguo letu la kwanza: theluji ya milimani imeyeyuka, maporomoko yamejaa, majani ni mapya, na umati mkubwa bado haujafika. Nusu ya pili ya Oktoba inafuata kwa karibu, kwa ajili ya rangi za msitu, ingawa mvua kubwa za vuli zinaweza kufunika baadhi ya vijia na kufungisha sehemu. Agosti tunaiweka mwisho. Kijito Plitvica hupungua sana kiangazi kikiwa kikavu, na lile poromoko la mita 78 hugeuka michirizi kwenye ukuta wa mwamba, wakati huo huo bei ikiwa juu kabisa. Majira ya baridi yana uzuri wake, barafu ikining'inia kwenye kuta za tufa, lakini maziwa ya juu mara nyingi hufungwa kwa theluji na boti husimama ziwa likiganda. Euro 10 ni bei halali kwa nusu ya hifadhi, mradi mtu ajue mapema kwamba ni nusu.

Kufika si kazi. Kutoka Zagreb ni karibu kilomita 130, basi huchukua saa 2 hadi 2 na nusu. Kwa gari, toka barabara kuu ya A1 pale Karlovac na ufuate D1 kupita Slunj. Anayetoka Zadar anatokea Gornja Ploča. Mabasi husimama kwenye malango yote mawili, hivyo mwambie dereva mapema kama unashuka Ulaz 1 (Lango la 1) au Ulaz 2 (Lango la 2), na urudi kituoni kabla ya muda, kwa sababu kituo ni kibanda kando ya barabara na basi la jioni lililojaa linaweza kupita bila kusimama. Kata tiketi ya kurudi kabla hujaingia hifadhini. Kroatia imo katika eneo la Schengen na inatumia euro tangu 1 Januari 2023, kwa hiyo mwenye visa ya Schengen inayofanya kazi hahitaji nyingine.

Viatu viwe na soli inayoshika. Mbao zikilowa huteleza, sehemu nyingi hazina vishikio, na maji hupita chini ya miguu na wakati mwingine juu yake. Kigari cha mtoto kitakusumbua kwenye ngazi, mbebe mgongoni. Chukua maji ya kunywa na chakula, kwa kuwa vibanda viko sehemu chache, P3 ikiwemo, na foleni zake hazina tofauti na za boti. Vazi jepesi la mvua ni lazima hata Julai, huku ni milimani. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali.

Tuseme sasa kuhusu uongozi. Hifadhi hii ilitangazwa Aprili 1949, ya kwanza Kroatia, na UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Vita vya uhuru wa Kroatia viliifikia mapema: mapigano ya 31 Machi 1991 yalitokea humo humo, na kati ya 1992 na 1997 ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ilipona. Mwaka 2017 kamati ya UNESCO ilieleza wasiwasi tena, safari hii kuhusu msongamano wa wageni na ujenzi wa nyumba za kulala wageni ndani ya mipaka. Baada ya hapo umekuja mfumo wa tiketi zenye saa na mpango wa usimamizi wa 2019 hadi 2028. Ni hatua za kweli na zimesaidia.

Lakini tiketi ya saa inapima lango. Haipimi gati. Watu mia kadhaa wanaoingia kwa utulivu kati ya saa 3 na saa 6 bado wanakutana wote P3 saa 7, na pale ndipo watu hukosa subira, hukaa kwenye kingo, hutoka nje ya mbao kutafuta nafasi ya kupita, na kila hatua ya aina hiyo inaangukia kigoga. Kipimo sahihi cha idadi ya wageni kwa saa ni uwezo wa boti, na nafasi za kila njia ziuzwe kwa kufuata uwezo huo: nyingi kwa H asubuhi, chache kwa C mchana. Bei nayo itofautishwe kwa saa, si kwa mwezi pekee. Tayari alasiri ni nafuu; saa 1 asubuhi iwe nafuu pia, na saa 5 ndiyo ibebe bei kamili. Anayekuja kwa basi la siku moja atalalamika, na atakuwa na haki, maana ratiba si yake. Basi kampuni za mabasi zitabadili ratiba, kwa kuwa tofauti ya bei itakuwa mfukoni mwao.

Suala la nyumba za wageni ni gumu zaidi na halimalizwi na tiketi. Vijiji vilivyomo hifadhini vina watu wenye haki ya kuishi na kupata riziki, na utalii ndio riziki iliyopo. Ila ardhi yenyewe haisamehe: kwenye miamba ya chokaa maji hayachujwi na udongo mnene, hupita kwenye nyufa na mapango, na kilichomwagwa kwenye shimo la maji taka kinaweza kuibuka chemchemini baada ya muda mfupi. Kila chumba kinachoongezwa bila kuunganishwa na mfumo wa kusafisha maji taka kinaongeza kile kiasi cha kaboni tulichokieleza. Mgeni ana uwezo kidogo hapa, lakini anao: kabla ya kulipia chumba, amuulize mwenye nyumba maji taka yake yanakwenda wapi. Mwenye mfumo mzuri atajibu kwa fahari. Mwingine atatatizika, na kuna nyumba za kutosha Rakovica na Korenica, nje ya mipaka, za kuchagua badala yake.

Ada hiyo ya euro 40 ndiyo inayolipia mbao mpya, boti na walinzi wa njia. Tungependa iongezewe jambo moja: mwisho wa kila mwaka hifadhi ibandike kwenye malango yote mawili kipimo cha kaboni majini kwa kila ziwa, pamoja na kasi ya ukuaji wa tufa kwenye kuta zinazofuatiliwa, kwa takwimu anazoweza kuzisoma mtu anayesubiri foleni. Mita za kutoka mlangoni hadi dirisha la tiketi zinatosha kabisa kwa ubao huo.